Picha za zamani darasani: watoto wanaziangalia dakika nne, basi

Swali (mwalimu wa darasa la tano)
Walimu wenzangu, habari za kazi. Nimeazima kwa wazee picha 12 za zamani za eneo linaloizunguka shule yetu. Jana nikaziingiza darasani nikijua nimewaletea watoto hazina. Wapi! Wamezipitisha mkono kwa mkono, wakaicheka suruali pana ya bwana mmoja, dakika nne tukawa tumemaliza. Mmoja akaniuliza, "Sasa mwalimu, tuandike nini?" Sikuwa na jibu. Nyinyi mnafanyaje?

Jibu (mwalimu mstaafu)
Mwanangu, picha 12 ni nyingi mno. Chukua moja, kipindi kizima. Ifunike kwa karatasi uache robo wazi, waseme wanachokiona. "Ni maskini" hapana. "Hana viatu" sawa. Hapo mtabishana, nawe usiwe na haraka ya kuwanyamazisha.

Kisha waulize nani hayumo. Mimi huanza na picha aliyoipiga Louis Daguerre, Mfaransa mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, jijini Paris mwaka 1838. Barabara ile ilijaa watu na magari ya farasi, lakini pichani ni tupu, kasoro mtu mmoja aliyesimama anang'arishwa viatu. Kamera za wakati ule zilihitaji dakika kadhaa kunasa taswira, kwa hiyo kila aliyekuwa akitembea akafutika. Darasa langu lilinyamaza kimya niliposema hivyo, hadi binti mmoja akauliza: na anayeving'arisha je, yumo? Yumo, lakini kama ukungu tu. Mteja kaonekana, mfanyakazi haonekani vizuri! Sikuwahi kuliwaza hilo miaka yote ya kufundisha.

Jibu
Shikamoo mwalimu. Kwenye "waseme wanachokiona" tunatofautiana kidogo. Wadogo waache wadhanie kwanza, ndipo uwadai ushahidi.

Pia waulize mpiga picha alisimama wapi na kwa nini. Mwaka 1855, kwenye vita vya Crimea (Waingereza na wenzao dhidi ya Warusi), Mwingereza Roger Fenton alipiga picha mbili mahali pamoja. Katika moja, risasi za mizinga zimetapakaa barabarani. Katika nyingine barabara ni tupu, risasi zote ziko mtaroni. Ziweke mezani uulize ipi ilitangulia. Watu wazima wamelibishania hilo miaka mingi, kwa hiyo usiwape jibu.

Jibu
Jamani, picha ni za kuazima na zinapita mkono kwa mkono?! Ziskani leo leo, watoto washike nakala. Za asili zishikwe kwenye kingo. Jina likiandikwa nyuma, iwe penseli laini, si kalamu ya wino. Gundi na laminesheni usithubutu.

Aliyeuliza
Asanteni, na dada hapo juu nimekoma, nimeziskani. Leo nimetumia picha moja tu, ya barabara inayopita mbele ya shule. Robo ya chini kulia nilidhani haina kitu. Kijana mmoja, mtundu kweli, akaona kivuli kirefu kina kofia: kivuli cha mpiga picha mwenyewe! Wakatoka nje kutafuta aliposimama. Kwa kuwa kivuli kimelalia magharibi, wakakata shauri kwamba ilikuwa asubuhi. Kengele imelia bado wanabishana kama barabara imehama au ni mti uliokatwa. Kesho mzee mwenye picha anakuja darasani, na maswali wameshamwandikia, 23. La kwanza ni la ile suruali.