Michezo mtaani: ilikusaidia nini, au ulipigwa picha tu? Tupeane uzoefu

Wadau, kila baada ya muda linakuja bango la "michezo kwa maendeleo", jezi zinagawiwa, kisha kimya. Leo nataka waliocheza waseme, wafadhili wamesema sana.

Naanza. Mimi ni zao la Mathare, mtaa wa mabanda kule Nairobi, ligi ya MYSA (chama cha michezo cha vijana wa Mathare), ile iliyoanza 1987. Mkishinda mechi mnapata pointi 3, mkienda kuzoa taka mnapata 6. Kwa hiyo mnaweza kuwa na straika hatari na bado mkazama kwenye msimamo kwa sababu hamkufika na reki. Tulizibua mitaro nyuma ya vibanda: nailoni, nepi, kiatu kimoja kimoja (cha pili huwa kinaenda wapi?). Baada ya hapo ukimwona mtu anamwaga taka mtaroni unamfokea, hata kama ni mkubwa wako. Na ukijitolea kufundisha wadogo au kuchezesha mechi, unajiwekea alama za kuombea karo. Mimi nililipiwa hivyo.

Winga Mstaafu: Wasichana tuliingizwa MYSA 1992. Shida yetu haikuwa kujua mpira. Saa za mazoezi ndizo saa za kuchota maji na kulea. Kocha alikuja nyumbani akaongea na mama, wakakubaliana nije na mdogo wangu. Alikaa pembeni ya goli na kikombe chake cha uji, mechi baada ya mechi. Bila yale mazungumzo nisingecheza.

Chandimu: Huku kwetu Dar, shirika moja, silitaji, lilitugawia fulana zenye nembo, tukapigwa picha, jioni fulana zikakusanywa. Mpira tuliochezea ulikuwa wetu.

Mzee wa Kona: Mwanzisha mada, wangapi walifika mbali kimpira?

Mwanzisha mada: Wapo, mkuu. Klabu ya Mathare United ilizaliwa humo 1994 na ikabeba ubingwa wa Kenya 2008. Ila sisi wengi hatukufika huko. Mimi nilikuwa refa wa mechi za watoto tangu nikiwa sekondari, wazazi wao wakinitukana pembeni ya mstari, nami sina ruhusa ya kujibu. Sasa niko kaunta ya malalamiko ya wateja, na sijatetereka bado.

Chandimu, hebu tueleze, baada ya wale kuondoka timu ilivunjika au mliendelea?