Chaja ya lipo kwa roboti ya gramu 150: ninunue au niunde?

Mchongaji_Tanga
Wakuu, salaam. Ninaunda roboti ya mapigano ya gramu 150, daraja ambalo Waingereza wanaliita antweight. Betri zangu ni lipo (lithiamu polima) za seli mbili, ujazo mAh 300, ninazo nne. Kwenye chaja ndipo nimekwama. Kuna ile ndogo ya B3 yenye taa tu, kuna B6 yenye kioo, halafu ndani nina vibao sita vya TP4056, vile vidogo vya saketi ya kuchaji, ambavyo naona ningeweza kujiundia. Hela si nyingi, lakini betri zenyewe nimeziagiza mbali na nikiziua sina nyingine. Mnanishauri nini?

UmemeShwari
Mkuu, kabla hujashika pasi ya kulehemu nisikilize. TP4056 ni kibao kizuri sana kwa seli moja. Kwa seli mbili mimi kiliniunguza. Nilichukua vibao viwili, nikavilisha kutoka chaja moja ya simu, kila kibao nikakiunga kwenye seli yake kupitia waya wa balansi (ule mwembamba unaofikia kila seli peke yake). Kumbe ndani ya kibao, hasi ya kuingilia na hasi ya betri ni njia ileile. Hasi za seli zote mbili zikakutana kwenye chaja ya simu, seli ya kwanza ikapigwa shoti. Waya mweusi ulinyauka ganda mpaka kwenye plagi, betri ikavimba mkononi, na ikatoa harufu tamu kama rangi ya kucha. Niliitupa uani nikasimama mbali.

Ukitaka kuunda kwa usalama, kila kibao kipate chaja yake ya simu, mbali na mwenzake. Na badilisha rezista inayopanga mkondo. Vinakuja na kilo-ohm 1.2, maana yake ampea 1 nzima, zaidi ya mara tatu ya mkondo unaoifaa betri yako ya mAh 300, yaani ampea 0.3. Ukiweka 4.7 unapata kama mA 255. Hapo sawa.

Kadogo_NBO
B3 ninayo. Yangu imeandikwa mA 800 mgongoni na hakuna pa kupunguza. Kwa betri ya mAh 850 inanifaa. Kwa 300 yako siwezi kukushauri, kaka.

BintiSaketi
Niko Uingereza, nashindana daraja hilohilo la gramu 150 (roboti yote iingie kwenye mchemraba wa inchi 4, basi unaelewa betri zinavyobanwa). Nunua chaja yenye kioo. Si kwa sababu ya nguvu, maana betri yako kwa ampea 0.3 haili hata wati 3. Ni kwa sababu unaona kila seli.

Nikupe mfano. Baada ya pambano la pili nilichomeka betri, kioo kikasoma volti 3.87 kwa seli moja na 3.42 kwa nyingine. Tofauti hiyo kwenye betri iliyokuwa sawa asubuhi! Nikaigeuza geuza, nikaona kona moja imebonyea, ilipigwa kupitia fremu. Nikaiweka kando na sikuichaji tena. Chaja ya taa ingewaka nyekundu, ikageuka kijani, na mimi ningeirudisha ulingoni.

B6 inaanzia ampea 0.1, kwa hiyo 0.3 unaipanga bila shida. Chagua lipo, seli mbili, na uwe kwenye balansi, yaani chaja isawazishe kila seli, usichaji kwa waya mkubwa wa betri peke yake.

Mchongaji_Tanga
Asante sana dada. Nikiilisha kwa adapta ya laptop itakubali? Na umeme ukikatika?

BintiSaketi
Soma mgongoni kwanza. B6 nyingi zinapokea volti 11 hadi 18, na adapta nyingi za laptop zinatoa 19. Tafuta ya volti 12.

UmemeShwari
Na hapo ndipo B6 inapozishinda zote kwa mazingira yetu. Betri ya sola ya volti 12 unaichomeka moja kwa moja. Mimi nachaji hivyo kila umeme ukikatika, na siku ya mashindano simsubiri mtu anipishe soketi.

Jambo jingine, usiziache zimejaa. Kama hupigani wiki hii, zirudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, chaja inayo programu ya kuhifadhi. Na zichajie ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini, kifuniko usikibane. Usilale ukiwa unachaji. Hili nakuomba kabisa.

Kadogo_NBO
Betri nne moja moja ni karibu saa tano. Ukipata ubao wa kuchaji sambamba, zote nne kwa ampea 1.2. Ila pima kwanza kwa mita, zisipishane zaidi ya volti 0.1, la sivyo iliyojaa inaimwagia tupu kwa kasi.

Mchongaji_Tanga
Wakuu, nimeipata B6 pamoja na adapta ya volti 12. Betri ya kwanza, ampea 0.3, dakika 70: seli zimesoma 4.20 na 4.19. Chungu mama amenipa kile kilichopasuka mdomo. Ubao wa sambamba utasubiri. Kibao kimoja cha TP4056 nimekibadilisha rezista na kukifunga kwenye rimoti, yenyewe ina seli moja tu.