Hundi imesoma kwenye akaunti lakini hela haitoki, niachie mzigo?

Dada wa Kyela:
Wakuu, shikamooni. Nauza mchele hapa Kyela. Mteja mpya amenunua magunia 40 ya kilo mia, jumla shilingi 8,400,000. Ijumaa saa tisa alasiri ameweka hundi ya benki nyingine kwenye akaunti yangu, meseji ikaja salio limepanda. Leo Jumamosi nimejaribu kutoa hela ya wakulima, mashine imekataa. Fuso liko getini, mteja anapiga simu: "Hela umeshapata, mbona unanichelewesha?" Naombeni ushauri.

Dirisha Namba Tatu:
Dada, usiachie hata gunia moja. Nimekaa dirishani benki miaka tisa. Akaunti ina salio mbili: la leja, linaloonyesha kilichoandikwa, na lile unaloweza kutoa. Hundi yako iko kwenye la kwanza tu. Benki yako inaipiga picha na kuituma kwenye mfumo wa Benki Kuu wa kubadilishana hundi. Anayeamua ni benki ya mteja: inaangalia sahihi, tarehe, na kama hela zipo. Ikikataa, hundi inarudi na salio lako linashuka tena. Hata huyo mteja anaweza kuiandikia benki yake isimamishe hundi wakati mchele umeshaondoka. Iliyowekwa Ijumaa alasiri huenda ikaingia Jumatatu, majibu Jumanne. Wikiendi haihesabiwi.

Tani Saba:
Sikiliza huyo. Mimi hundi ya saruji ilirudi mzigo ukiwa umeshavuka Tunduma, nikalipa deni la watu miezi minane. Mwambie alipe kwa TISS, ule mfumo wa Benki Kuu wa kuhamisha hela benki kwa benki.

Dada wa Kyela:
TISS si benki hizohizo? Tofauti iko wapi?

Dirisha Namba Tatu:
Hundi zinakusanywa kwa mafungu, benki zinakatana madeni, kisha zinalipana tofauti tu kwenye akaunti zao zilizoko Benki Kuu. TISS, iliyoanza 2004, kila malipo yanakwenda peke yake na yanakamilika hapohapo. Hakuna cha kusubiri kama mteja ana hela, maana zimeshatoka kwake. Ila akikuletea fomu ya TISS yenye muhuri, hayo bado ni maombi. Subiri uone hela kwenye salio la kutoa. Na akihofia kulipa mara mbili, asimamishe kwanza hiyo hundi kwa maandishi.

Mama Ghala:
Mdogo wangu, ongea naye kwa upole, huenda ni mtu mwema asiyejua. Dereva mpe chakula na pa kulala. Wakulima waambie ukweli leo, wasisikie kwa wengine.

Dada wa Kyela:
Mrejesho, Jumanne. Mteja alinuna, akakataa TISS akisema makato yatamwongezea gharama. Nikamwambia basi tusubiri wote. Dereva alilala kwetu siku tatu. Leo saa tano hela imefunguka, nimetoa milioni mbili na wakulima wanne wa kwanza nimewalipa. Vijana wanapakia, yamebaki magunia 11.