Naomba ushauri: mwanangu anaona aibu kuwa Shahidi wa Yehova shuleni

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Sisi ni Mashahidi wa Yehova, kwa hiyo wimbo wa Taifa ukiimbwa mstarini yeye husimama kwa heshima, haimbi. Mahakama ya Rufani ilishawapa haki wanafunzi waliofukuzwa kwa sababu hiyo, mwaka 2013, na walimu wake hawamsumbui. Ni wenzake. Wanamwita msaliti. Siku hizi hula kidogo, hujifungia chumbani, na juzi aliniuliza, "Mama, kwani mimi nina kasoro gani?" Nililia jikoni. Sitaki aache imani kwa hofu, wala aishike ili kunifurahisha mimi. Je, niende kwa mwalimu wa malezi bila yeye kujua, au nimwambie kwanza?