Mashairi ya ziwa na upepo yananishinda, na mimi ni mzee wa kanisa

Baba Duka
Wakuu habari zenu. Nipo Kigoma mjini, vitabu ninavyosoma mimi ni Biblia na daftari la madeni basi. Sasa binti yangu yuko form three kapenda mashairi, kila jioni baba soma hili baba soma lile, nasoma, jua linazama upepo unavuma majani yanacheza, nikimaliza najiuliza kwa hiyo? Mahubiri yana pointi, hili pointi yake iko wapi. Halafu kuna moja linausifia mto mpaka basi, rohoni nikasikia hapana, huku si kutukuza kiumbe tukamwacha Muumba? Ila nikimrudishia daftari naona uso unavyomshuka. Msinicheke.

Mgebuka Mkavu
We sema "zuri mwanangu" ukalale.

Bint Ujiji
Hapo juu acha utani. Mzee shikamoo. Mi Muislamu, kwetu Surat Al-Ghashiya inauliza kwani hawamwangalii ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa? Yaani tunaambiwa tuangalie. Nikikwambia pilau la mama watoto tamu, umeona nimeliabudu?

Mwl Mstaafu Tabora
Mzee mwenzangu, unasoma kimoyomoyo na mbiombio kama unakagua risiti. Shairi la kimapokeo mshororo, yaani mstari, kwa kawaida mizani (silabi) 16, unakatika katikati nane kwa nane, pale kwenye mkato ndo unavuta pumzi. Soma kwa sauti, hesabu na vidole ukitaka. Halafu Zaburi ya 104 umeisoma mara ngapi? Punda mwitu wanakunywa maji, korongo kajenga kwenye misunobari, simba ananguruma usiku, pale uliwahi kuuliza pointi iko wapi?

Mgebuka Mkavu
Haya nami niwe serious. Mpeleke Kibirizi kule ziwani usiku wa giza. Usiku wa mbalamwezi hamna kitu, wavuvi wa dagaa hawatoki maana taa zao hazivuti samaki.

Baba Duka
Mrejesho wakuu. Jana tumeenda. Nimezaliwa hapa nanunua dagaa kila siku lakini sijawahi kusimama pale usiku nikaangalia tu, taa zimetapakaa huko mbele huwezi jua ziwa linaishia wapi mbingu zinaanzia wapi. Nikamwambia haya soma. Kasoma moja la ziwa, mi nahesabu na vidole, mshororo wa tatu "Ziwa letu limelala, nazo taa ni nyota", nikamwambia ngoja, huyu kapunja, 15! Kaniangalia, kaanza kucheka, kumbe kaliandika yeye, na mengine mawili niliyomrudishia wiki jana pia ya kwake. Nilijisikia vibaya sana.

Mwl Mstaafu Tabora
Hongera baba. Mwambie atoe "ni" aweke "kama", zinatimia.

Baba Duka
Nimemwambia mwalimu, kakataa. Anasema baba si ulikuwepo, taa hazikuwa kama nyota, zilikuwa nyota. Na mi nimeshindwa kumbishia.