Mstari wa rangi si njia ya baiskeli, acheni kutufanya wajinga!

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, huu mwingine kiwiko kimechubuka chote, kwa hiyo makosa ya uandishi mtanivumilia.

Asubuhi nilikuwa naenda kazini kwenye hiyo wanayoiita njia ya baiskeli. Njia gani? Ni mstari mweupe uliopigwa ubavuni mwa magari yaliyoegeshwa, basi. Foleni imeganda, mimi najipitia zangu, kama kilomita 18 kwa saa. Ghafla mlango wa dereva huu hapa! Pigeni hesabu: kwa mwendo huo baiskeli inakula mita 5 kila sekunde, na mlango umefunguka mita 2 mbele yangu. Breki utaishika saa ngapi? Nikajikuta nimelalia lami, gurudumu la nyuma linazunguka hewani. Yule bwana akashuka, akainama, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo wa mlango wake. Akaridhika. Ndipo akanigeukia: "Kwani hukuona gari?"

Gari niliona, tena lilikuwa limesimama. Wewe ndiye hukutazama kioo cha pembeni!

Uholanzi madereva hufundishwa kufungua mlango kwa mkono ulio mbali na huo mlango. Mwili unageuka wenyewe, macho yanaangukia nyuma. Hakuna cha kununua wala bajeti ya kusubiri.

Sasa nikiuacha huo mstari nikae katikati, ambako mlango haunifikii, honi zinaanza: "Rudi kwenye njia yako!" Ipi? Leo kabla sijaanguka nimekuta humo lori linashusha mizigo, teksi mbili zinangoja abiria, pikipiki zinazokwepa foleni, na pipa la taka. Ujerumani tangu 2020 sheria inataka dereva anayeipita baiskeli mjini aache angalau mita 1.5. Mimi vioo vya magari vinanipapasa kiwiko.

Na msinichokoze na habari za hizo Jumapili za baiskeli. Barabara inafungwa, wakubwa wanavaa fulana mpya zenye mikunjo ya pakiti, wanakanyaga pedali mita mia, picha, hotuba ya afya na mazingira, kwisha. Sikatai, hata mimi huwa napeleka watoto, na jamaa wa baiskeli za mbio siku hiyo roho zao nyeupe. Bogotá, Colombia, walianza kufungia magari barabara 1974, sasa ni kila Jumapili na sikukuu, zaidi ya kilomita 120. Ila wao wamejenga na njia za kudumu, zilizotengwa na magari, za mtu anayewahi kazini Jumatatu. Sisi Jumatatu saa 1 asubuhi koni zote zimesharudi stoo.

Eti barabara ni nyembamba. Nyembamba, lakini magari yanalala humo kutwa nzima! Sogezeni hayo magari upande wa katikati ya barabara, baiskeli ipite kati yake na watembea kwa miguu, na kati ya magari na baiskeli wekeni ukingo wa zege na nafasi ya mlango kufunguka. Zege, si rangi. Tairi la lori haliijui rangi.

Kesho napanda basi, ringi ya mbele imepinda iko kwa fundi. Aliyewahi kulipwa na dereva aliyemfungulia mlango aniambie alianzia wapi, maana huyu wangu anadai mimi ndiye nimlipe rangi.