Naomba ushauri: manga ya shule ya mashetani kwa binti wa miaka 11

Habari zenu wakuu. Nimenogewa na manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) iitwayo Mairimashita! Iruma-kun ya Osamu Nishi, inayotoka kwenye jarida la Weekly Shōnen Champion tangu 2017. Iruma ni kijana wa miaka 14 asiyejua kukataa akiombwa jambo. Wazazi wake wanamuuza kwa shetani mzee, Sullivan, ambaye badala ya kumla anamfanya mjukuu na kumwandikisha Babyls, shule anayoiongoza mwenyewe. Kule binadamu ni chakula, kwa hiyo kijana anasoma huku anaficha asili yake.

Kilichonimaliza ni somo la kuita viumbe wasaidizi. Wenzake wanapata wanyama wa maana, Iruma anamwita mwalimu wao mkali, Kalego! Mwalimu anageuka kidude cha manyoya chenye mabawa, kanuna, na hasira zake zote ziko palepale. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Halafu kuna Clara, mwanafunzi mwenzake, kazi yake kutafuta wa kucheza naye, na urafiki wake na Iruma unagusa kweli.

Sasa mpwa wangu wa miaka 11 anaitaka. Mimi naona ni hadithi ya upole na wema, ila dada yangu ni mtu wa dini sana, akiona pembe tu atafunga mjadala. Nimweleweshe vipi? Nimkalishe tusome naye sura za mwanzo, au tuanze na anime yake (katuni ya video) ya 2019? Na kama kuna nyingine nyepesi za shule za uchawi, zisizo na mambo ya kikubwa, nitajieni tafadhali.